Nauli ya Kubadilisha Ruti

Maze, kuna asubuhi moja ya Aprili 2020 sitawahi sahau. Mathree yetu ya wasee 14 imesimama steji Kariobangi, gava imesema tubebe wasee 8 pekee ju ya korona, kafyu inaanza saa moja jioni, na mwenye gari bado anataka ganji yake ileile ya kila siku. Tulikaa na dere muda mrefu bila kubonga. Nilikuwa na miaka 27. Saba kati ya hizo nilikuwa nimezimaliza nikihang kwa mlango, sare ya maruni, noti nimezikunja katikati ya vidole. Hapo ndio swali liliniingia mara ya kwanza: nikishuka hii gari, ni gani ingine itanibeba?

Wasee hupenda kusema umri ni namba tu. Mi nilikuwanga konda, na kuna kitu najua kuhusu namba: nauli si moja siku nzima. Enzi zangu, kutoka mtaa hadi tao saa nne asubuhi ilikuwa finje. Ngoja saa kumi na moja jioni, mvua imeanza, magari yamefungana, hiyo finje ilikuwa inageuka soo. Barabara ni ileile. Kiti ni kilekile. Kubadilisha maisha ni hivo. Ukiwa na 20 unapanda na finje. Ukiwa na 40 unaeza panda pia, na unaeza fika mbele ya yule wa 20, lakini utalipa bei ya jioni. Mtu akikushow bei ni moja kwa kila umri, huyo hajawahi kulipa.

Siz yangu mdogo alilipa ya asubuhi. Alimaliza chuo akiwa na 24, digrii ya biashara, akakaa mwaka akituma barua za kazi, halafu akaamka siku moja akasema anaenda kusomea nywele. Mathe alilia wiki nzima, na simlaumu, ju hiyo digrii ilikula ng'ombe wawili huko ushago. Lakini cheki hesabu ya siz: alipoteza miezi sita, akarudi kulala kwa keja ya mathe, akamanga kwa sufuria ya mathe, na kama mambo yangekataa angejaribu ingine. Hakuna mtoi alikuwa anamngojea na uniform ya shule. Kama uko kwa hiyo miaka na unasoma hii, elewa kitu unayo mkononi: ruhusa ya kukosea na bado upate dishi jioni. Haikai sana.

Mi nililipa ya katikati. Wakati huo nilikuwa na bibi na mtoi wa miaka mitatu. Kama konda, hata siku mbaya nilikuwa nafika keja na thao. Nikaenda Light, yaani pale Kariobangi Light Industries, nikaomba kufunzwa kuchomelea chuma. Fundi aliyenikubali alikuwa na miaka 21. Akanipa soo mbili kwa siku na chapo dondo saa saba. Tulitoka kwa bedsita tukaingia singo ya mabati, bibi akaanza kuuza mitumba ya watoi, na kwa mwaka mzima hiyo mitumba ndio ilitulipia rent. Hiyo ndio nauli niliyolipa, na nusu yake ililipwa na bibi. Wasee wengi wakisimulia venye walibadilisha maisha wanaruka hapo. Usiruke. Kama kuna mtu nyumbani atabeba hiyo nusu, kaa chini na yeye mbonge kabla hujashuka gari, mkubaliane ni miezi mingapi.

Usiku wa kwanza macho yalinichoma vibaya. Ule mwanga ukiuangalia bila miwani, hata kidogo tu, unaamka saa nane usiku ni kama mtu amekumwagia mchanga machoni. Bibi alikata waru, akaniwekea vipande baridi juu ya macho, tukangoja asubuhi. Lakini kitu iliniuma kushinda macho ni honi. Maboy wangu wa ruti walikuwa wakipita karibu na shedi wanapiga honi, wananiita kwa jina langu la zamani, "Konda! Rudi kazi!" Na ndani ya shedi, mtoi wa 21 ananituma: "Konda, leta grainda." "Konda, shika hii." Msee wa 27 anatumwa na mtoi. Kama huwezi meza hiyo, hutaweza kujifunza kitu yoyote mpya ukiwa mtu mzima. Mi niliimeza kila siku na maji ya chupa.

Halafu mwezi wangu wa tatu pale shedi kuna kitu ilifanyika. Mteja alikuja kuchukua geti, akaanza zile stori za "nitatuma jioni". Fundi wangu akanyamaza. Alikuwa anajua chuma kuniliko, anaeza kunja skwea tubu ikakaa ni kama imezaliwa hivo, lakini kudai ganji ilikuwa inamshinda. Nikatoka mbele. Mi nimedai nauli kutoka kwa wasee wamejifanya wamelala, wasee wamejifanya wanaongea na simu, wasee wameshuka na mguu mmoja. Nilibonga na huyo mteja dakika tano, bila matusi, na pesa ikaingia kabla geti haijapanda mkokoteni. Kutoka siku hiyo mi ndio nilikuwa naongea na wateja wote, na soo mbili ikawa soo tano.

Sikuwa nimeanza kutoka ziro. Hakuna mtu anaanzanga kutoka ziro, hata akidhani hivo. Miaka saba ya mlangoni ilikuwa imeningoja tu nijue nitaitumia wapi.

Cheki Eliud Kipchoge. 2003, akiwa na 18, alishinda mita 5,000 kwa mashindano ya dunia pale Paris, akiwaacha Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Akaongeza medali ya shaba Olimpiki ya 2004 na ya fedha 2008. Halafu 2012 akakosa nafasi kwa timu ya Kenya ya kwenda Olimpiki ya London. Msee wa kawaida angesema stori imeisha. Yeye alihamia barabara. Aprili 2013, na miaka 28, akakimbia marathoni yake ya kwanza pale Hamburg na akashinda kwa saa 2:05:30. Hakubadilisha miguu. Hata kocha alikuwa yuleyule, Patrick Sang, ambaye mwenyewe alileta fedha ya kuruka viunzi na maji kutoka Olimpiki ya Barcelona 1992. Alibadilisha umbali tu, akaenda nao miaka kumi ya mazoezi. Oktoba 2019 pale Vienna akamaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40, wiki chache tu kabla afikishe 35.

Na hiyo 35 ndio nataka tubonge juu yake.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 260, inasema kijana ni mtu aliyefika 18 na hajafika 35. Sina shida na katiba kuweka mpaka, lazima uwekwe mahali. Shida ni venye milango mingi imejengwa hapo. Mkopo wa Hazina ya Vijana, miradi ya vijana, mafunzo ya vijana: siku unafikisha 35, unatoka. Mathe wa 40 bado anaeza ingia Hazina ya Wanawake. Buda wa 40 aliyefutwa kazi hana hazina ya kwake kama hizo, na huyo ndio anahitaji kubadilisha ruti haraka kushinda wote, ju ana watoi shuleni. Kipchoge baada ya hiyo 35 aliongeza dhahabu ya pili ya Olimpiki 2021, na 2022 pale Berlin akavunja rekodi yake mwenyewe kwa 2:01:09, akiwa na 37. Kikatiba hakuwa kijana tena.

Kwa ploti yetu kuna mathe alikuwa tichee wa shule ya kibinafsi. Machi 2020 shule zilifungwa, mshahara ukakatika palepale, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Alikuwa na 41. Akaweka jiko nje ya geti akaanza chapo. Wazazi wa wanafunzi wake ndio walikuwa wateja wa kwanza, ju alikuwa anawajua kwa majina, na deni ya kila mtu alikuwa anaiandika kwa daftari ya mistari, tarehe na sahihi, ni kama rejista ya darasa. Leo analetea vibandaski vitano chapo kila asubuhi. Shule zilipofunguliwa walimwita arudi. Alikataa.

Sasa wazae. Hapa nabonga kama konda, na naomba mnisikie vizuri, ju nimeona hii kitu ikivunja watu. Msee amefanyia gava kazi miaka 30, amefika 60, amestaafu. Ganji yake ya mkupuo ya pensheni imeingia. Mtu anamshow matatu ni pesa ya kila siku, na ni ukweli, ni ya kila siku, kwa konda. Kwa ruti yetu nilishuhudia wazae wanne wakinunua magari hivo. Watatu waliuza kabla ya miaka miwili kuisha. Si ati walikuwa wajinga. Mmoja alikuwa afisa wa hesabu. Tatizo ni kwamba aliona gari imejaa asubuhi akazidisha viti mara nauli mara siku 30. Hakuwa anajua saa tano asubuhi gari inalala steji ikingoja foleni. Hakuwa anajua bei ya tairi, breki kila mara, bima, ada ya sako, squad anayepewa gari mchana dere akienda kumanga na venye huyo squad anaendesha ni kama hakuna kesho. Gari ikishikwa inalala yadi wiki nzima, na mkopo haulali. Mzae anaanza kupigia dere simu kumi kwa siku, dere anaacha kushika, wanakosana. Mwaka wa pili unakuta gari iko kwa uwanja wa dalali.

Yule wa nne alifanya nini? Kabla anunue, alikuja steji na kiti yake ya plastiki akakaa na sisi mwezi mzima. Mzae wa 60, na kofia yake, anahesabu raundi kwa daftari. Tulidhani ni mpelelezi. Aliuliza kila kitu: mafuta ni ya ngapi, mvua ikinyesha inakuwaje, nani anaaminika. Alipoleta gari, alikuwa amenichagua mi na dere wangu, na target aliyotupa ilikuwa ya ukweli. Hiyo gari ilimsomeshea wajukuu. Mwezi mmoja kwa kiti ya plastiki ulimwokolea pensheni. Mzae wangu unayesoma hii, kama ni kuku, kama ni duka, kama ni nyumba za kupangisha, nenda ukae kwa ile ya mtu mwingine kwanza. Nauli ya 60 ni kubwa juu ya sababu moja: hiyo ganji hairudi mara ya pili.

Kuna wengine walilipa nauli ya usiku kabisa. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Januari 2004 pale Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84, kaptura na soksi ndefu, ju gava ilikuwa imefanya masomo ya msingi kuwa bure mwaka mmoja nyuma. Alitaka kujisomea Biblia bila kutegemea mdomo wa mtu. 2005 akapanda ndege akaenda New York kubonga pale Umoja wa Mataifa kuhusu masomo ya bure. Watu wengi wanajua hadi hapo. Chenye wasee wa mtaa wangu wanafaa kujua ni kwamba vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfukuza kwa boma, na 2008 alihamia Nairobi kwa nyumba ya wazee, na akajiandikisha tena shule: Marura Primary, hapa kwetu Kariobangi. Darasa la sita. Alikuwa amepoteza nyumba na bado akabeba daftari. Alikufa Agosti 2009 kabla amalize darasa la nane. Mi huwa nafikiria hilo darasa la sita kushinda ile ndege ya New York.

Saa hii niko na 32. Nilifanya mtihani wa NITA nikapata Gredi ya Tatu, halafu ya Pili. Kama wewe ni fundi wa mikono bila karatasi, tafuta huo mtihani. Unapewa kazi, unaifanya mbele ya mtu wa kupima, na cheti ni ya serikali. Na yule fundi wangu wa 21 sasa ni mshirika wangu kwa shedi. Bado ananiita Konda.

Mwaka jana msee wa 46 alisimama kwa mlango wetu. Alikuwa soja wa usiku miaka 12, kampuni ikampunguza. Alikuwa ametoka shedi tatu, zote zimemshow yeye ni mzee sana kufunzwa. Aliongea akiangalia chini. Nilimwuliza kitu moja tu, kama amebonga na mtu wake nyumbani. Akasema ndio, wamekubaliana mwaka mmoja. Alianza siku hiyohiyo. Miaka 12 ya kukesha imemfanya mtu wa kuangalia kila kona: hakuna geti inatoka kwetu bila yeye kupitisha mkono kwa kila kiungo, na wateja hawarudishi kazi kama zamani.

Kwa hivyo nyinyi wenye mashedi, magereji, salon na vibanda vya kushona, hapa Light na kwingine kote: mtu wa 46 akisimama kwa mlango wenu akiuliza kama anaeza funzwa, msimwulize miaka. Mpeni miwani aanze.