Muziki mtamu hauhitaji kelele

Wapenzi wa muziki safi hutumia maelfu ya shilingi kununua chombo cha mfukoni kisicho na mvumo, chenye nguvu ya kuendesha spika kubwa za masikioni. Nguvu hiyo yaweza kudhuru. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 pekee. Seli za sikio la ndani zenye vinyweleo zikifa hazioti tena. Faida ya chombo bora ni kusikia kila ala hata sauti ikiwa chini. Ndani ya matatu, tumia spika zinazoziba masikio vyema badala ya kuongeza sauti. Masikio yakivuma baadaye, yapumzishe. Yakizidi, mwone daktari.