NYUMBANI KWA KOMPYUTA NI WAPI?

Nataka kuwaeleza habari moja ya kompyuta ambayo iliniliza mimi mwenyewe.

Sisi watu wa Lunyo twajua taabu ya neno "nyumbani". Tangu tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza walipolikata jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, Wasamia tumekaa pande mbili za mpaka. Ukiniuliza kwetu, nitakutajia wilaya ya Busia, gombolola ya Lunyo. Binamu yangu wa ng'ambo atakutajia kaunti ya Busia, kisha lokesheni yake. Swali ni moja, majibu mawili.

Kompyuta nazo ni vivyo hivyo. Kila mtumiaji hupewa folda yake ya nyumbani. Ouma akitumia Linux, kwake kwa kawaida ni /home/ouma. Akitumia Mac ni /Users/ouma. Akitumia Windows ni C:\Users\ouma, na katika Windows XP ya mwaka 2001 palikuwa C:\Documents and Settings\ouma. Basi mtu akiandika "/home/ouma" ndani ya programu yake, programu hiyo haivuki mpaka.

Mimi nilijua hayo, nikajiona mwerevu. Niliandika programu kwa Python ya kuweka hesabu ya michango ya karo ya mtoto wa ukoo wetu, nikaiambia iweke faili katika "~/michango". Alama hiyo ya kiwimbi maana yake ni nyumbani, kwa sababu katika mashine ADM-3A ya Marekani, ya mwaka 1976, kiwimbi na neno HOME vilikuwa juu ya kitufe kimoja. Lakini anayeifasiri alama hiyo ni programu ile inayopokea amri tunazoandika, wala si Python. Python iliiona kuwa jina tu, ikatengeneza folda iitwayo ~ pale pale nilipokuwa.

Siku moja nikaiona, nikadhani ni takataka. Nikaandika: rm -r ~

Safari hii mpokea amri alielewa vizuri sana! Alifuta nyumba yangu nzima: barua, picha za mazishi ya mama, na hesabu ya michango pia. Ilipasa kuandika rm -r ./~, yaani "kile kilicho hapa hapa". Nilizunguka na baiskeli siku tatu kumwuliza kila mtu alitoa kiasi gani. Wengine walikumbuka zaidi ya walivyotoa.

Njia iliyo sawa ni kutobahatisha, bali kuiuliza kompyuta. Katika Python andika Path.home(), iliyopo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015. Katika Java ni System.getProperty("user.home"), katika Go ni os.UserHomeDir(), tangu mwaka 2019. Python ikiwa kwenye Linux husoma kigeu kiitwacho HOME, na isipokiona hutazama orodha ya watumiaji katika /etc/passwd. Kwenye Windows husoma USERPROFILE. Zamani hata huko ilitazama HOME kwanza, ikapotosha watu, mpaka toleo la 3.8 la mwaka 2019 lilipoiacha desturi hiyo.

Angalieni jambo moja zaidi. Mkiendesha programu kwa sudo, huenda mkajibiwa /root, nyumbani kwa msimamizi mkuu, na faili zenu zikalala kwa mwenyewe huyo. Kwa hiyo mimi huiamuru programu ichapishe kwanza mahali ilipopata, nisome kwa macho yangu, ndipo iandike.

Sasa programu ile ile, bila kubadilishwa hata herufi moja, hufanya kazi kwenye Linux yangu hapa Lunyo na kwenye Windows ya binamu ng'ambo. Mtoto yuko kidato cha pili, na muhula huu bado watu wanne hawajatoa.