Makoa wa Bahari katika Vidimbwi vya Miambani

Pwani ya Bagamoyo ina mchanga na mikoko mingi. Atafutaye miamba huelekea kusini, Kunduchi na kisiwa cha Mbudya, ambako matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe huachwa wazi maji yanapokupwa. Katika vidimbwi vinavyobaki huishi makoa wa bahari, ambao mwanafunzi aghalabu huwapita akiwadhani majongoo bahari wadogo au vipande vya mwani.

Koa wa bahari ni jamaa ya konokono aliyepoteza gamba, au aliyebakiwa na gamba dogo lililofichika. Atambulikanaje? Wengi wana pembe mbili kichwani, za kunusia maji. Wale wa kundi la doridi wana pia matamvua yaliyopangika mfano wa ua karibu na mkia. Mnyoo bapa hufanana nao sana, lakini mwili wake ni mwembamba kama karatasi, wala hana matamvua.

Bila gamba, koa hujilindaje? Dolabella auricularia hutoa wino wa zambarau. Makoa wa kundi la eolidi hula haidroidi na anemoni, kisha huzihifadhi seli za kuwashia za mawindo yao na kuzifanya silaha zao wenyewe. Wale wa jenasi Elysia hufyonza mwani, na baadhi yao hutunza kloroplasti zake mwilini. Hivyo wakawa na rangi ya kijani.

Sir Charles Eliot, Kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki hadi mwaka 1904, aliandika juu ya makoa wa Unguja na pwani hii. Malcolm Edmunds alichapisha maelezo ya makoa wa Tanzania tangu mwaka 1969. Hata hivyo, koa akitiwa katika spiriti rangi hupotea na mwili hujikunja. Kwa hiyo maelezo yaandikwayo kando ya kidimbwi, koa angali hai, hayawezi kupatikana tena chupani.

Wakati ufaao ni bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, kwani maji hukupwa sana asubuhi. Mwanafunzi aandike tarehe, urefu, rangi, umbo la pembe na chakula alichokutwa nacho koa. Asiguse konokono wa jenasi Conus, ambaye sumu yake yaweza kuua. Mbudya ni hifadhi ya bahari, basi asichukue kiumbe chochote bila kibali. Na kila jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa: viumbe wa chini yake, wakiachwa juani, hufa kabla maji hayajarudi.