Pasaka Kihambani

Tarehe 23 Aprili 1924 Mfalme George wa Tano alifungua Maonyesho ya Dola ya Uingereza hapa Wembley. Afrika Mashariki ilikuwa na banda lake, ambamo bidhaa za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilipangwa zitazamwe. Upande wa Afrika Magharibi waliwekwa watu wakifanya kazi zao za mikono mbele ya wageni. Wanafunzi Waafrika waliokuwa London walikasirishwa na namna magazeti yalivyosimulia mila za watu wale. Ladipo Solanke, mwanafunzi wa sheria kutoka Nigeria, aliandika kupinga, na mwaka 1925 akawa miongoni mwa waanzilishi wa WASU, umoja wa wanafunzi wa Afrika Magharibi.

Kisa hicho kinanikumbusha jambo ambalo vijana wetu wa Wembley wanapaswa kulishika wanapopanga likizo ya Pasaka kwenda kwa babu na bibi zao Uchaggani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro: mila ikitengwa na kazi iliyoizaa, kinachobaki ni maonyesho tu.

Pasaka huangukia msimu wa masika. Wapanda mlima wengi hukwepa miezi hiyo, na kilele cha Kibo chenye mita 5,895 hushinda kimefunikwa na mawingu. Lakini kwa anayetaka kuwajua Wachagga, huo ndio wakati mzuri, kwa kuwa macho hayana budi kurudi chini, kwenye kihamba.

Kihamba ni shamba, ni makazi, na ni makaburi ya ukoo. Juu husimama miti ya mringaringa na mruka ikitoa kivuli, chini yake migomba, kisha kahawa, na ardhini magimbi na mboga. Ng'ombe hufungwa zizini na kuletewa majani. Kina mama huyafuata mbali, hata tambarare, na kuyapandisha mlimani. Samadi hurudi kwenye migomba, na mgomba ukishakatwa, shina lake hulishwa ng'ombe. Mwaka 2011 kilimo hiki cha kijiji cha Shimbwe Juu kiliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Kijana aliyezoea kununua ndizi mbichi za Ealing Road ataona hapa kazi inayotangulia mtori wa nyumbani kwao.

Maji nayo yana utaratibu wake. Wazee walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka kwenye makorongo ya juu, wakafuata mteremko kwa jicho tu, bila vipimo vya kisasa. Kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Mfongo ukibomoka, wanaoutumia huitana kuukarabati, na asiyefika hutozwa faini. Haki ya maji huenda pamoja na jasho.

Mbege, pombe ya ndizi, pia ni kazi kabla ya kuwa kinywaji. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji, na gome la mti wa msesewe hutia uchungu. Vikishachanganywa, mbege hunywewa kwa kata. Mahari haikamiliki bila mbege, wala kesi ya ukoo haimaliziki bila mbege.

Kisha lipo isale, mmea wa majani marefu unaopandwa kuzunguka kihamba uwe mpaka. Mtu aliyemkosea mwenzake humwendea, au humtuma mtu, na jani la isale mkononi. Aliyekosewa huona vigumu sana kulikataa, kwa sababu mmea huohuo ndio unaolinda mipaka na makaburi ya wazee wake. Ukilichuma jani hilo kwa ajili ya picha tu, unaliondolea uzito wote huo.

Kuheshimu mila hakumzuii kijana kuuliza. Kwa desturi kihamba hurithiwa na wana wa kiume, na nyumba ya wazazi kwa kawaida humwangukia kitindamimba. Binti alitegemewa apate ardhi kwa mumewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na familia nyingi bado zinabishana juu ya hilo. Ardhi yenyewe imegawanywa vizazi na vizazi hadi vijana wengi wanaondoka, na wengine wamefika hata huku London. Binti wa Wembley ana haki ya kumuuliza babu yake, kwa adabu na baada ya shikamoo, jina lake litaandikwa wapi katika kihamba kile.

Ila swali hilo linapokelewa vizuri zaidi likitoka kwa mtu aliyeamka alfajiri akasaidia kubeba majani. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazazi, msiwaombee watoto wenu wapumzishwe wakifika. Waombeeni wapewe jembe, na zamu yao kwenye mfongo.