Ngamia wa safari, farasi wa vita

Katika kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2014, farasi wa vita anauzwa vipande 400 vya dhahabu. Paladini, yaani shujaa aliyekula kiapo cha kupigania imani yake, akiamua kuanza na fedha taslimu hurusha dadu tano za pande nne, kisha huzidisha jumla kwa kumi. Akibahatika kupita kiasi anapata 200. Wengi huambulia kama 125, na hapo upanga haujanunuliwa. Hata hivyo karibu kila mchezaji mpya ninayekaa naye mezani huanza kudunduliza kwa ajili ya farasi huyo, hata kama mhusika wake katokea jangwani au kwenye msitu wenye mbung'o, ambako farasi wa kweli hufa kwa nagana kabla ya kuiona vita.

Asidundulize. Akifika ngazi ya 5, paladini anaweza kujifunza dua ya kumwita kipando. Inachukua dakika kumi tu na haimgharimu hata senti: anashuka mnyama mwenye akili kuliko wanyama wa kawaida, kwa umbo la farasi wa vita, ngamia, poni, mbwa mkubwa na kadhalika. Akiuawa, anaitwa tena akiwa mzima. Kwa hiyo zile 400 ni bei ya kumtumia farasi kwa ngazi nne. Swali la maana ni hili: kabla ya hapo apande nini kisichomtia aibu mbele ya watu wake?

Historia inalijibu vizuri kuliko vitabu vya mchezo. Mabedui wa Arabuni walisafiri juu ya ngamia huku farasi jike wakimkokota kando, na hawakumpanda mpaka saa ya kushambulia. Wakuu wa Uhabeshi walipanda baghala njiani, farasi wa vita akifuata na tandiko lake. Hata Watemplari wa Yerusalemu, ambao paladini huyu anafanana nao sana, kanuni yao iliruhusu kila shujaa farasi watatu, maana aliyebeba mizigo siye aliyeingia vitani. Wote hao walipanda mnyama wa bei ndogo na kumtunza yule wa thamani. Mchezo unakuruhusu kufanya hivyohivyo, na farasi wa pili unapewa bure.

Kwa mhusika wa jangwani, basi, ngamia wa vipande 50. Kasi yake ni futi 50 kwa zamu, kumi pungufu ya farasi wa vita, na anabeba ratili 480 dhidi ya 540. Tofauti hiyo haistahili vipande 350. Udhaifu wake uko kwenye mapigano, kwa kuwa ana pointi 15 za uhai na kuuma kwake ni mzaha. Lakini msimamizi wa mchezo mwenye kusoma atakumbuka kisa cha Koreshi wa Uajemi, ambaye kwa masimulizi ya Herodoto aliwatanguliza ngamia ili farasi wa Lydia watishwe na harufu yao. Mwombe akupe nafasi hiyo.

Tembo ndiye anayeniudhi. Anauzwa 200, nusu ya bei ya farasi wa vita, ana pointi 76 za uhai dhidi ya 19, na kitabu kinasema chakula cha mnyama kwa siku ni ratili kumi, kwa senti tano za shaba. Ratili kumi kwa tembo! Wa kweli hula zaidi ya kilo 100. Mpe mhusika wa kisiwa kinachofanana na Sri Lanka, ambako mfalme Dutugemunu anasimuliwa kupigana juu ya tembo Kandula, mkuki wake ukiwa na masalia matakatifu ndani. Hapo anafaa kabisa. Kwenye meza ya Waislamu wa pwani fikiri mara mbili, kwani kila aliyepita chuoni anaijua sura ya Fil, na tembo pale amekuja na jeshi la Abraha kuivunja Kaaba. Isitoshe hapiti mlangoni. Wa kwangu alibaki nje ya pango kampeni nzima, akinywa maji ya kijiji.

Wahusika wa umbo dogo huuziwa mbwa kwa 25. Poni ni 30, kasi ni ileile, na uhai wake ni pointi 11 badala ya tano. Hata bila kuutaja unajisi, vipande vitano hivyo ningevilipa.

Deraya ya mnyama huuzwa mara nne ya bei ya deraya ya mtu, na uzito wake ni mara mbili. Ya minyororo ni 300. Ya kitambaa kilichoshonewa pamba, kama lifidi waliyovalisha farasi wao wapanda farasi wa Bornu na Wahausa, ni 20 tu. Inaongeza kinga kwa pointi moja. Ni kidogo, ila inapendeza macho, na mhusika wa Sudani ya Magharibi aliyevisha farasi wake chuma cha Ufaransa ananikera.

Toleo la 2024 limeurahisisha mjadala: paladini wa ngazi ya 5 anaweza kuiomba dua hiyo mara moja bila kutumia nguvu zake mpaka apumzike tena, na kipando huja kwa sura yoyote aitakayo, nguvu zikiwa zilezile. Sura haina bei tena.

Zabaki ngazi nne za mwanzo, na hapo mimi namtetea baghala wa vipande 8 (si nyumbu wa Serengeti). Kanuni haimruhusu mtu mzima kupigana juu yake, kwa kuwa ni mdogo, basi mpande njiani, ushuke vitani. Baghala 8, tandiko 10, hatamu 2, mifuko 4. Deraya yako ya minyororo 75, upanga mrefu 15, ngao 10. Katika zile 125 kinabaki kipande kimoja, nacho kinatosha banda la siku mbili.