Tubondo, Kusadikika na Rubaya: Nchi Njema na Nchi Mbovu katika Hadithi za Vijana

Utopia ni nchi ya kubuni ambamo watu wanaishi vizuri kwa sababu wamekubaliana namna ya kuishi. Distopia ni ndugu yake mbaya: nchi ya kubuni ambamo amri iliyotungwa kwa faida ya wachache imegeuka kuwa maisha ya wote. Neno la kwanza liliundwa na Mwingereza Thomas More mwaka 1516 kutokana na Kigiriki, na maana yake ni mahali pasipokuwepo. La pili lilikuja baadaye sana. Nchi zote mbili zimepata makao katika vitabu vya vijana, na sababu haiko mbali. Ujana ndio umri ambao mtu huanza kuuliza sheria za nyumbani kwao zilitoka wapi, na kwa nini wakubwa wamezinyamazia.

Vitabu viwili vya Marekani, The Giver cha Lois Lowry (1993) na The Hunger Games cha Suzanne Collins (2008), ndivyo hutajwa kwanza jambo hili linapozungumzwa. Lakini katika misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, hadithi ya mtoto anayekabili amri ya kuua ilikuwa ikiimbwa muda mrefu kabla ya vitabu hivyo kuandikwa.

Wenye hadithi hiyo ni Wanyanga. Kwao utendi huitwa karisi, na jina hilohilo ni la roho inayomsukuma mtu kuwa mtambaji. Mwaka 1956 mtambaji Shekarisi Rureke aliutamba utendi wa Mwindo mbele ya mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck. Aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza kwa siku 12, wasaidizi wake wakimwitikia. Biebuyck aliutafsiri pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga aliyekuwa mtaalamu wa lugha, na kitabu chao kikachapishwa California mwaka 1969.

Utendi unaanzia Tubondo, kijiji cha mwami, yaani mtawala, Shemwindo. Mwami ana wake saba, naye anawapa amri moja: wazae mabinti tu, na mtoto wa kiume akizaliwa atauawa. Wafafanuzi wameona humo tamaa ya mahari, maana binti huingiza mali nyumbani na mwana huitoa, pamoja na hofu ya mtawala kwa yule atakayemrithi. Ujenzi huu wa distopia una ustadi mkubwa. Tubondo haina mashine wala ukuta wala askari wageni. Kijiji ni kilekile cha jana, na neno moja la mwenye nguvu limekifanya mahali ambapo mama anaogopa kuzaa.

Wake sita wanajifungua mabinti. Wa saba, kipenzi cha mwami, anamzaa Mwindo. Mtoto anatoka akicheka, akisema na kutembea, usinga uitwao conga mkononi. Jina lake la sifa ni Kabutwa-kenda, aliyezaliwa na papo hapo akaenda, na sikio la Mswahili linaweza kulitambua hilo “kenda” bila mkalimani. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika hai, mtoto anatoka kaburini. Mwishowe anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, na ngoma inaelea huku yeye akiimba ndani yake, akielekea kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye anarudi akiwa na wajomba zake, radi ya Nkuba, bwana wa umeme, inaiteketeza Tubondo, na Shemwindo anatorokea kuzimu, kwenye himaya ya Muisa.

Riwaya nyingi za vijana zingeishia hapo au karibu na hapo, dhalimu ameanguka na moshi bado unafuka. Utendi wa Wanyanga ndipo unapoingia katika kazi ngumu zaidi. Mwindo anamfuata baba yake kuzimu ili amrudishe. Huko anapewa majaribu ya kuvunja moyo, mojawapo likiwa kupanda shamba la migomba na kulivuna siku hiyohiyo. Anaporudi na Shemwindo, watu wa Tubondo waliokufa wanafufuliwa na kikao kinaitishwa. Iyangura, mwanamke, anamlaumu kaka yake mbele ya watu wote kwa kuwagawa watoto kuwa wabaya na wema kabla hajajua kilichomo tumboni. Mwami anakiri kosa lake. Nchi inagawanywa, baba akapata upande wake na mwana wake.

Hata hivyo, shujaa mwenyewe hajakomaa. Anamuua joka Kirimu, na kwa kuwa Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, anachukuliwa mbinguni kuadhibiwa mwaka mzima, akiteseka kwa mvua, baridi na joto la jua. Anakatazwa kuua wanyama. Anaporudi ndipo anapowapa watu wake sheria: walime vyakula vya aina nyingi, wakae katika nyumba nzuri na kijiji kizuri, wasigombane, wasitamani wenzi wa wengine, wasimcheke mgonjwa anayepita, wazae watoto warefu na wafupi. Wamwogope mwami, na mwami naye awaogope wao. Hii ndiyo utopia ya Wanyanga. Ni ya kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio unaoipa uzito. Aliyeitangaza alikwisha kufungwa na sheria kabla ya kuwafunga wengine. Katika The Giver, Jonas anaikimbia jamii yake. Mwindo anarudi kuishi na yake, na kwa swali la nini kifanyike baada ya dhalimu kuanguka, mtambaji wa Walikale ana jibu pana kuliko Lowry.

Katika fasihi andishi ya Kiswahili, njia ya nchi hizo za kubuni ilifunguliwa na Shaaban Robert. Kusadikika (1951) ni nchi iliyo angani, na kitabu hicho kimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Humo mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita wakaleta mawazo ya kuiboresha nchi, kisha wakaadhibiwa kwa kuyaleta. Ubaya wa Kusadikika ni kuogopa kujua. Katama Mkangi wa Kenya naye, katika Walenisi (1995), anamrusha Dzombo angani kwa chombo ambacho kilikusudiwa kumwua, naye anatua katika nchi ya watu walio sawa. Jina la nchi hiyo linajifumbua likisomwa polepole: wale ni sisi.

Kwa kijana wa Masisi, mashariki humohumo mwa Kongo, mpaka kati ya nchi ya kubuni na nchi ya kweli ni mwembamba mno. Katika kitabu cha Collins, Wilaya ya 12 inachimba makaa ya mawe, watu wake wanalala njaa, na makao makuu ya Panem, nchi ya kubuni ya kitabu hicho, yanang’aa. Rubaya, katika teritwari ya Masisi, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini ya vifaa vya elektroniki. Wachimbaji wake wanashuka mashimoni kwa sururu na tochi, na Aprili 2024 mji huo uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Bisie, upande wa Walikale, ina madini ya bati, nayo ilipiganiwa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi. Anayesoma habari za Panem kwenye simu huenda ameshika kipande cha Rubaya kiganjani.

Wasanii wameliona hilo. Katika riwaya Congo Inc. (2014) ya In Koli Jean Bofane, kijana wa msituni, Isookanga, anacheza mchezo wa intaneti ambamo makampuni yanapigania madini kwa silaha, kisha anakwenda Kinshasa kutafuta utajiri wa aina hiyohiyo. Filamu Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman inafuata mkondo mwingine: wachimbaji wa koltani wanakimbia mgodi na kujenga kijiji chao juu ya mabaki ya kompyuta, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika humo.

Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, nafasi darasani. Mwalimu wa Masisi au Walikale anayetaka kufundisha jambo hili hana haja ya kuanzia Panem. Aanzie Tubondo, apitie Kusadikika, kisha awape wanafunzi karatasi waandike mambo mawili: amri moja inayoweza kukiharibu kijiji chao, na sheria ambazo Mwindo wa leo angerudi nazo kutoka mbinguni.