Mwandishi wa Gazeti la Mji Mdogo na Kazi Yake ya Sanaa: Mfano wa Muhammed Said Abdulla

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya kazi mbili ambazo mara nyingi hufanywa na mkono mmoja, yaani kuandikia gazeti la mji mdogo na kubuni hadithi, shairi au tamthilia. Suala hili lawahusu walimu wa lugha kwa karibu. Baadhi ya wanafunzi wanaohitimu katika idara zetu huingia katika kazi ya habari, na huko hupelekwa kuwa wawakilishi katika miji iliyo mbali na makao makuu ya magazeti. Huondoka chuoni na muswada wa riwaya mkobani. Miaka ikipita muswada huo hubaki vile vile, na yanapoulizwa maelezo husemwa kwamba lugha ya gazeti ndiyo iliyoua sanaa.

Maelezo hayo hayatoshi. Tutajaribu kuonyesha, kwa kufuata maisha ya kazi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kwamba gazeti humpa mtunzi mambo mengi anayoyahitaji, na kwamba linachomnyima hasa ni wakati na subira. Mambo haya mawili yakichanganywa, dawa itakayopendekezwa itakuwa si ya ugonjwa uliopo.

2. Hali ya kazi katika mji mdogo

Mwandishi wa habari katika mji mkuu aghalabu huwa na eneo lake: huyu ni wa bunge, yule wa michezo, na mwingine wa mahakama. Mwenzake wa mji mdogo hana mgawanyo huo. Asubuhi yuko mahakamani, adhuhuri sokoni akiuliza bei ya mahindi, alasiri uwanjani, na magharibi msibani. Mara nyingi hulipwa kwa idadi ya taarifa zilizochapishwa, si kwa mwezi. Hivyo basi, saa moja anayoitoa kwa riwaya yake ni saa aliyoiondoa kwenye riziki yake.

Jambo la pili ni ukaribu. Mtu aliyeandikwa leo atakutana na mwandishi kesho katika duka lile lile la chai. Ukaribu huo humfunza mwandishi kusikiliza namna watu wanavyosema, nani husema nusu ya maneno na nani huzunguka mbuyu kabla ya kutaja hoja. Hakuna darasa la mazungumzo ya riwaya linaloshinda hilo. Lakini ukaribu huo huo humtia hofu, kwa kuwa kila mhusika atakayembuni atatafutiwa mwenyewe mtaani.

Jambo la tatu ni saa ya kwenda mitamboni. Gazeti halisubiri. Anayelizoea huzoea pia kuiacha sentensi kabla haijaiva.

3. Maisha ya kazi ya M. S. Abdulla

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 katika kisiwa cha Unguja. Baada ya kumaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, kazi aliyoifanya kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968.

Orodha hiyo ya magazeti inastahili kutazamwa kwa makini. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Jumuiya ya Waafrika. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kutokana na maandishi ya Al Falaq, na uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi katika magazeti hayo yote aliisikia habari ile ile ikisimuliwa kwa namna zinazopingana, katika mji ambao watu wake wote walikuwa majirani.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo alipobuni riwaya yake ya kwanza. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, nayo ikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi ilifuata mwaka 1968. Kisha zikaja Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na Kosa la Bwana Msa (1984).

Tarehe hizi zenyewe ni ushahidi. Katika miaka ishirini ya uhariri, yaani 1948 hadi 1968, zilichapishwa riwaya mbili. Katika miaka minne tu baina ya 1973 na 1976 zilichapishwa nne. Ni kweli kwamba mwaka wa kuchapishwa si lazima uwe mwaka wa kutungwa, na wachapishaji nao wana mwendo wao. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno kuweza kupuuzwa. Iwapo lugha ya gazeti ingekuwa imemharibu mtunzi huyu, miaka ishirini ingetosha kummaliza, na baada ya kustaafu asingekuwa na la kuandika. Lililotokea ni kinyume: alipopata wakati, kalamu ilikuwa tayari.

4. Mpangilio wa habari na mpangilio wa hadithi

Hatukatai kwamba lugha za kazi hizi mbili zinatofautiana. Tofauti ya kwanza ni ya mpangilio. Taarifa ya gazeti hutanguliza mwisho. Tuchukue sentensi ya kubuni: "Mkulima mmoja amekutwa amekufa shambani mwake jana asubuhi." Msomaji amekwisha kupata kiini, na yanayofuata ni nyongeza ambazo mhariri anaweza kuzikata kuanzia chini nafasi ikiwa finyu.

Riwaya ya upelelezi huichukua sentensi hiyo hiyo na kuigeuza mlango. Mzimu wa Watu wa Kale inahusu kifo cha tajiri, Bwana Ali, ambaye maiti yake yakutwa mahali pa mzimu. Watu wana jibu lao, na jibu hilo ni mizimu. Bwana Msa halikubali jibu la haraka. Huuliza, hupima, na hungoja. Tunaweza kusema kwamba Bwana Msa, ambaye jina lake lina herufi za mwanzo za majina matatu ya mtunzi wake, anafanya uchunguzi ambao mhariri hapewi nafasi ya kuufanya kwa kuwa gazeti limekwenda mitamboni.

Tofauti ya pili ni ya kisarufi. Vichwa vya habari vya Kiswahili hupendelea kiambishi cha wakati -a-: "Mwizi anaswa", "Waziri afungua shule". Tendo hutolewa likiwa kamili, bila kabla wala baada. Katika masimulizi, mzigo mkubwa hubebwa na -ka-: alitoka, akafunga mlango, akasita, akarudi. Kiambishi hiki hufungamanisha tendo na lililolitangulia, na humfanya msomaji atembee hatua kwa hatua. Mwandishi aliyezoea vichwa vya habari huelekea kukusanya matendo bila kuyafungamanisha. Riwaya yake husomeka kama taarifa ndefu: kila kitu kimetokea, lakini hakuna kinachoendelea kutokea. Hili ni tatizo la mazoea, nalo hurekebishika.

5. Mlinganisho kutoka Kolombia

Hali hii haihusu Afrika Mashariki pekee. Gabriel García Márquez alianza kuandikia El Universal la mji wa Cartagena mwaka 1948, kisha akahamia Barranquilla, ambako kuanzia mwaka 1950 aliandika safu katika El Heraldo kwa jina la bandia la Septimus. Kwa maelezo yake mwenyewe, riwaya aliiandika usiku katika ofisi ya gazeti baada ya wenziwe kwenda zao. Kitabu chake cha kwanza, La hojarasca, kilitoka mwaka 1955. La kuzingatia hapa ni kwamba hakuitenga kazi kwa mahali wala kwa chombo: meza ilikuwa ile ile. Alizitenga kwa saa, na safu aliitenga kwa jina.

6. Mipaka inayofaa kuwekwa

Kutokana na mifano hii twaweza kutaja mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni wa wakati. Saa ya kubuni haina budi kuwekwa mahali ambapo gazeti haliwezi kuifikia, ama alfajiri kabla ya kazi ama usiku baada ya mitambo kuanza. Saa moja isiyoguswa ina faida kuliko siku nzima ya mapumziko inayoweza kukatizwa na habari ya ajali.

Mpaka wa pili ni wa maudhui. Mtu anayezungumza na mwandishi wa habari ametoa maneno yake kwa ajili ya gazeti. Hakuyatoa kwa ajili ya riwaya. Katika mji mdogo kubadilisha jina peke yake hakutoshi, kwa maana watu watamtambua mhusika kwa baiskeli yake, kwa duka lake, au kwa namna anavyokohoa. Linaloweza kuchukuliwa kwa haki ni kisababishi, kama vile wivu, deni au hofu ya aibu, kisha kikapewa watu wengine, mahali pengine, na wakati mwingine. Mwandishi asipofanya hivyo atapoteza imani ya mji, na imani hiyo ikipotea amepoteza kazi zote mbili.

Mpaka wa tatu ni wa lugha. Yafaa mwandishi awe na madaftari mawili: moja la ukweli unaothibitishwa kwa majina na tarehe, na jingine la misemo, lafudhi na vijambo visivyokuwa na nafasi gazetini. Daftari hili la pili ndilo akiba ya mtunzi.

7. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba gazeti la mji mdogo si adui wa sanaa kwa asili yake. Idara zetu zaweza kusaidia kwa njia mbili. Kwanza, somo la uandishi wa habari na somo la utunzi yafundishwe yakitazamana, ili mwanafunzi ajue kwa nini -a- yafaa hapa na -ka- yafaa pale. Pili, ufanywe utafiti wa kulinganisha kurasa za magazeti aliyoyahariri M. S. Abdulla na nathari ya riwaya zake, sentensi kwa sentensi. Utafiti wa namna hiyo ungetuonyesha ni tabia zipi za mhariri zilizoingia katika masimulizi ya Bwana Msa, na ni zipi alizoziacha ofisini.